Ajali ya Mashine Ina Kinga



Katika lugha ya Kiswahili upo msemo ambao kila mtu anaujua: ajali haina kinga. Msemo huu una hekima yake. Mvuvi wa Moa atwekaye tanga alfajiri, bahari ikiwa shwari, hawezi kuapa kuwa upepo hautageuka adhuhuri. Mkwezi aliyekwea minazi kwa miaka 30 hana hati ya kumhakikishia kuwa kesho hatateleza. Wazee waliousema msemo huu walitaka kumfariji aliyepatwa, na kumzuia jirani asimtwishe lawama mtu ambaye amekwisha kutwishwa maumivu.

Lakini msemo uliozaliwa baharini na minazini umechukuliwa ukaingizwa kiwandani, na huko umefanya kazi mbaya. Mtu akikatwa vidole na mashine, meneja husema ajali haina kinga. Msimamizi huitikia. Aliyekatwa mwenyewe, akiwa amelala wodini na mkono wake umefungwa bendeji, naye husema hivyo hivyo. Faili hufungwa. Asubuhi ya pili mashine ile ile, ikiwa wazi vile vile, huwashwa na kupewa mfanyakazi mwingine.

Mazungumzo haya yana shabaha moja tu, nayo ni kuonyesha kwamba, kwa mashine zinazoendeshwa kwa injini au kwa umeme, msemo huo si kweli. Ajali ya mashine ina kinga. Kinga hiyo si hirizi wala si bahati. Ni bamba la chuma, ni wavu, ni swichi, ni ufunguo, na ni sheria ambayo imekwisha kuandikwa na inangoja kutekelezwa.

Mashine ilivuka bahari, bima haikuvuka

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini jambo hili lizungumzwe Moa, mahali panapojulikana zaidi kwa ngalawa, minazi na mikoko kuliko kwa viwanda? Jibu la kwanza limo katika historia. Moa ni sehemu ya ukanda wa Tanga, na ukanda wa Tanga ndio uliolea mkonge wa nchi hii. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dakta Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo mashamba yalienea pwani yote na kupanda bonde la mto Pangani. Mwezi Januari 1915, majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipopigana Jasini, kaskazini ya Moa, yalipigana katika eneo la mashamba ya minazi na mkonge.

Mkonge si zao la jembe na panga peke yake. Katika uzito wote wa jani bichi, singa ni kama asilimia 4 tu. Kilichobaki ni maji na nyama ya jani. Maana yake ni kwamba, ili ipatikane tani moja ya singa, mashine lazima imeze zaidi ya tani 20 za majani. Ndiyo sababu kila shamba kubwa lilijenga kiwanda chake, na katikati ya kiwanda ikawekwa mashine ambayo wafanyakazi wa Tanga wameizoea kwa jina la korona. Jina hilo lilitokana na mashine zilizoitwa Corona, zilizotengenezwa Magdeburg, Ujerumani, na kampuni ya Krupp. Ndani yake mna gurudumu pana la chuma lililozungushiwa bapa butu, ambalo huliponda jani na kulikwangua mpaka zibaki singa tupu.

Hapa pana jambo ambalo mwalimu wa historia hapaswi kulipita. Ujerumani ilipitisha sheria ya bima ya ajali kazini mwaka 1884, wakati wa Bismarck. Kwa hiyo, miche ya Hindorf ilipotua Pangani, mfanyakazi wa kiwandani kule Ujerumani alikuwa amekwisha kuwekewa fidia ya mkono wake kwa muda wa karibu miaka 10. Mwafrika aliyesimama mbele ya mashine iliyotoka katika nchi hiyo hiyo hakuwekewa kitu. Mashine ilivuka bahari, bima haikuvuka.

Waingereza waliokuja baadaye hawakuwa na udhuru zaidi. Bunge lao lilipitisha mwaka 1844 sheria iliyowalazimisha wenye viwanda vya nguo kuziba sehemu za hatari za mitambo, na kukataza watoto kusafisha mitambo ikiwa katika mwendo. Tanganyika ilipata sheria yake ya viwanda mwaka 1950. Kutoka 1844 hadi 1950 ni miaka 106. Sheria ya kuwalipa fidia wafanyakazi walioumia ilitangulia kidogo, mwaka 1948. Kabla ya hapo, manamba aliyetoka mbali na kwao, akiwa na kipande chake cha siku 30 mfukoni, alipopoteza mkono alikuwa amepoteza pia sababu ya kuwapo shambani. Alirudi kwao akiwa mzigo kwa mama yake, na shamba likaandika jina jipya.

Mwaka 1964 nchi ilivuna tani zaidi ya 230,000 za mkonge, na Tanganyika ikasifiwa duniani kote. Likatangazwa Azimio la Arusha mwaka 1967, na sehemu kubwa ya mashamba ikawekwa mikononi mwa umma. Waraka wa Rais wa mwaka 1970 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukawakanya viongozi wenye kiburi na dharau kwa walio chini yao. Hayo yalikuwa mambo makubwa. Lakini ukweli lazima usemwe: mwenye mali alibadilika, na katika viwanda vingi mkanda ulibaki mkanda ule ule, uliozeeka zaidi kila mwaka. Gurudumu halimuulizi mtu kama shamba ni la mlowezi, ni la umma au ni la mtu binafsi. Linachouliza ni kama pana kitu kati yake na mkono.

Jinsi mkono unavyokwenda

Watu wengi ambao hawajafanya kazi kiwandani hudhani kwamba anayekatwa na mashine ni mtu mzembe au mlevi. Mara nyingi mambo huenda kwa njia nyingine kabisa. Mfanyakazi yuko kazini tangu asubuhi. Malipo yake yanategemea kiasi cha kazi aliyoimaliza. Singa zimejisokota mahali, mashine imeanza kulalamika. Kuisimamisha ni kupoteza dakika 15, na msimamizi yuko nyuma yake. Jana alizitoa kwa mkono, juzi alizitoa kwa mkono, na hakikutokea kitu. Leo anapeleka mkono kama jana, na singa zilizolowa zinamzunguka kwenye kifundo kama kamba. Kuanzia hapo yeye si mtu anayelisha mashine tena. Yeye ni kitu kinacholishwa.

Je, asingeweza kuuvuta mkono wake? Swali hili ni la hesabu, na mwalimu anaweza kulipeleka darasani. Tuseme gurudumu lina upana wa mita moja kutoka ukingo hadi ukingo, na linazunguka mara 600 kwa dakika. Hiyo ni mara 10 kwa sekunde moja. Kila mzunguko, ukingo wake unakwenda mita 3.14; kwa sekunde moja unakwenda zaidi ya mita 31. Binadamu mwenye afya huhitaji kama robo ya sekunde tangu aone hatari mpaka msuli wake uanze kutii. Katika robo hiyo ya sekunde ukingo wa gurudumu umekwisha kwenda karibu mita 8, na mkono wa mtu hauna hata mita moja. Kwa hiyo kumwambia mfanyakazi awe mwangalifu, bila kumpa kinga, ni kumwambia ashindane mbio na kitu ambacho kimefika kabla yeye hajaondoka.

Hatari katika kiwanda cha mkonge haiko kwenye korona peke yake. Iko kwenye brashi, ambako singa kavu hushikwa kwa mikono na kupelekwa kwenye gurudumu lenye kasi ili zisafishwe. Mwenye kuzishika akichelewa kuziachia, singa humvuta. Iko kwenye mikanda na magurudumu yanayopeleka nguvu kutoka kwenye injini, mahali ambapo pindo la shati, leso au kanzu hutosha kumkamata mtu mzima. Iko kwenye mashine ya kushindilia robota. Tena iko, na pengine zaidi ya kwingine kote, katika saa ya kusafisha na kutengeneza, wakati fundi yuko ndani na mtu mwingine, asiyejua, anakwenda kuwasha.

Mashine ndogo, hatari kubwa

Jibu la pili la swali la Moa ni la leo. Uzalishaji wa mkonge ulianguka mpaka chini ya tani 30,000 mwishoni mwa miaka ya 1990, kisha serikali ikaazimia kuufufua na kuweka lengo la tani 120,000 ifikapo mwaka 2025. Katika juhudi hizo mkulima mdogo amepewa nafasi ambayo hakuwa nayo zamani. Hilo ni jema. Lakini mkulima mdogo akiwa mbali na korona kubwa hutamani mashine ndogo, inayovutwa na trekta au kuendeshwa kwa injini ya dizeli, ambayo itamfuata shambani. Hapo ndipo penye jambo la kutazamwa kwa macho mawili.

Katika korona kubwa majani hutandazwa kwenye meza ndefu, na minyororo ndiyo huyapeleka ndani. Mfanyakazi husimama mbali kiasi na gurudumu. Katika mashine nyingi ndogo mnyororo ni mkono wa mtu. Yeye hulishika jani, hulisukuma mpaka nusu, hulivuta, hugeuza upande wa pili na kulisukuma tena. Kila jani ni safari mbili za kwenda kwenye mdomo wa gurudumu, na kwa siku moja majani ni maelfu.

Mfano upo. Brazili ndiyo nchi inayoongoza duniani kwa mkonge, na mkonge wake mwingi hutoka katika nyanda kavu za jimbo la Bahia, kwenye miji kama Valente. Huko, kwa miongo mingi, wakulima wadogo wametumia mashine ndogo ya kuhamishwa hamishwa, ambayo hulishwa kwa mkono. Mashine hiyo iliwapatia watu maskini riziki. Iliwaachia pia wanaume wengi waliokosa vidole, viganja na mikono mizima, hata wakajulikana katika nchi yao kuwa ni walemavu wa mkonge. Wengi wao hawakuwa na mwajiri aliyeandikishwa, na kwa sababu hiyo walikuwa wamekwisha kunyimwa fidia kabla hawajaumia. Tanzania haina haja ya kulipa ada ya somo hilo mara ya pili. Ada yake imekwisha kulipwa Bahia.

Wala si mkonge tu. Kijiji cha pwani leo kina injini nyingi kuliko zamani. Ipo mashine ya kusaga na kukoboa, ambayo mkanda wake mara nyingi uko wazi katika chumba chembamba ambamo wanawake na watoto hungoja unga. Upo msumeno wa duara wa seremala, aliotengenezewa na fundi wa kuchomelea bila kifuniko. Ipo mashine ya kukamua miwa kando ya barabara ya Tanga na Horohoro, ambayo magurudumu yake mawili huvuta kidole kama yanavyovuta muwa. Ipo mashine ya umeme ya kukuna nazi. Ipo rafadha ya boti ufuoni. Mwenye kila moja ya mashine hizo ni mtu anayeheshimika, aliyejitahidi, na aliyewapa vijana wawili watatu kazi. Wala hakusudii kumdhuru mtu. Basi tu, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kifuniko kilichotolewa ili mkanda ubadilishwe upesi ni sehemu ya mashine kama ilivyo injini.

Kinga zenyewe

Kinga ya kwanza ni umbali na chuma. Mkanda ufunikwe kwa wavu au bamba. Mdomo wa mashine uwe na meza au mfereji mrefu kuliko mkono wa mtu, ili hata anayesahau asiweze kufika. Kinga iliyo bora ni ile isiyomtegemea mfanyakazi kukumbuka, kwa sababu saa nane mchana, njaa na joto vikiwa vimemshika, hakuna binadamu anayekumbuka kila kitu.

Kinga ya pili ni swichi ya kuzimia, iliyo mahali ambapo mtu aliyekamatwa mkono mmoja anaweza kuifikia kwa mkono wa pili. Swichi iliyo upande wa pili wa ukuta ni swichi ya msiba.

Kinga ya tatu ni ufunguo. Mashine isisafishwe, isinyooshwe wala isitengenezwe ikiwa inazunguka. Na inapozimwa kwa kazi hiyo, anayeingiza mkono ndiye akae na ufunguo mfukoni mwake. Asiukabidhi kwa mlinzi, asiutundike ukutani, wala asiuweke mezani kwa msimamizi. Kanuni hii haigharimu hata senti moja, na imewahifadhi mafundi wengi mahali inapofuatwa.

Kinga ya nne ni mafunzo na mavazi. Mgeni asiachwe mbele ya mashine siku ya kwanza eti atazoea. Mikono ya shati iwe mifupi au ifungwe. Mitandio, kamba za shingoni na pete zibaki nje.

Kinga ya tano ni malipo yenyewe. Mahali ambapo kila dakika ya kusimamisha mashine inakatwa katika posho ya mfanyakazi, mwajiri amekwisha kununua ajali, bado tu kupelekewa. Dakika ya kusafisha lazima iwe dakika ya kazi.

Sheria ipo, nani aitekeleze?

Nchi haina upungufu wa sheria katika jambo hili. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ulianzishwa mwaka 2001, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ikapitishwa mwaka 2003. Sheria hiyo inataka sehemu za kazi ziandikishwe na kukaguliwa, na sehemu za hatari za mashine zizibwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtu aliye chini ya miaka 18 katika kazi za hatari, iwe kiwandani au shambani.

Kwa upande wa fidia, sheria ya zamani ilikuwa imebaki nyuma mno. Kwa miaka mingi kiwango cha juu cha fidia ya ulemavu wa kudumu kilikuwa shilingi 108,000, mpaka fedha hizo zikawa hazimtoshi mtu hata kwa chakula cha miezi michache. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliubadilisha utaratibu huo, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ukaanza kazi mwaka 2015. Anayechangia ni mwajiri. Mshahara wa mfanyakazi haukatwi. Mfuko hugharimia matibabu, hulipa fidia ya ulemavu, na husaidia kumrudisha mtu katika shughuli zake. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali ndani ya siku 7. Mwenye msumeno mmoja na vijana wawili naye ni mwajiri, hata kama hajawahi kujiita hivyo.

Lakini sheria iliyo katika kabati la ofisi mjini haina mikono ya kufunika mkanda ulioko kijijini. Mkaguzi ni mmoja, mashine ni nyingi, na njia ni ndefu. Kati ya mkaguzi na mashine wapo watu ambao tayari wako kijijini, wanalipwa na umma, na wanajua kusoma na kuandika. Watu hao ni watumishi na walimu.

Ofisa biashara anayeandika leseni ya mashine ya kusaga anaweza kuuliza, kabla ya kuweka muhuri, kama mkanda umefunikwa. Bwana shamba anayewashauri wakulima juu ya mashine ndogo ya mkonge anaweza kuwaambia kwamba bei nafuu isiyo na kinga si nafuu. Ofisa ugavi anayenunua mashine kwa fedha za umma anaweza kuandika kinga katika masharti ya zabuni. Ofisa maendeleo ya jamii anayesimamia mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, iliyotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, anaweza kutaka kikundi kionyeshe mashine yenye kifuniko kabla hakijalipwa. Ingekuwa aibu kubwa mkopo wa umma umtoe kijana katika fungu la vijana, umwingize katika fungu la wenye ulemavu. Mganga wa zahanati, kila anapofunga kidole kilichokatwa, anaweza kuandika katika daftari ni mashine gani na ilikuwa wapi, kwani majeruhi watatu wa mashine moja hawawezi kuitwa bahati mbaya.

Na mwalimu? Mwalimu ana kitu ambacho mkaguzi hana: anawapata wafanyakazi wa kesho wakiwa bado na vidole kumi. Hesabu ya gurudumu iliyotajwa hapo juu ni somo la darasa la saba. Mwalimu wa sayansi anaweza kuufundisha mkanda na nguvu yake. Mwalimu wa uraia anaweza kufundisha haki ya mfanyakazi kukataa kuingiza mkono katika mashine inayozunguka. Tena mwalimu ndiye anayeona kiti kitupu darasani, na ndiye anayejua kama mtoto yuko nyumbani anaumwa au yuko kwenye mashine ya miwa.

Lipo pia la kufundishwa kwa saa ile ambayo kinga imeshindwa. Mashine izimwe kwanza. Jeraha libanwe kwa nguvu kwa kitambaa safi, na mkono uinuliwe juu. Kisitiwe majivu, mafuta wala dawa ya kienyeji. Kidole kilichokatika kisitupwe: kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe katika mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo ndio uwekwe juu ya barafu, si kidole chenyewe. Kisha majeruhi awahishwe hospitali, na kutoka Moa hospitali ya mkoa ni Bombo, mjini Tanga. Si kila kidole kitaweza kuunganishwa, lakini kilichotupwa hakiungiki kamwe.

Na aliyekwisha kupoteza mkono hajapoteza uananchi wake. Tangu mwaka 1981 pale KCMC, Moshi, kimekuwapo chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Kiwanda kilichochukua mkono wa mtu ndicho kinachopaswa kuwa cha kwanza kumtafutia nafasi, si cha kwanza kumwonyesha lango.

Ndugu walimu na ndugu watumishi,

Kipuri cha mashine huagizwa. Bapa la gurudumu likivunjika, hutafutwa Tanga, likikosekana hutafutwa Dar es Salaam, likikosekana huletwa kwa meli, na kazi huendelea. Mkono hauna kipuri. Hakuna duka linalouza kidole gumba cha seremala, wala kiganja cha mama anayekuna nazi ili alipe ada ya mtoto. Kwa hiyo, katika hesabu ya kazi, kitu cha thamani kubwa kuliko vyote kimesimama mbele ya mashine, wala hakimo ndani yake.

Msemo wa wazee ubaki mahali pake. Mvuvi aendelee kufarijiwa nao, na mkwezi vile vile. Lakini siku nyingine kijana akiletwa akiwa amefungwa mkono kwa shati lililolowa damu, na mtu akasema pale pale kwamba ajali haina kinga, pasikose mtumishi au mwalimu wa kumuuliza kwa upole: kinga ya mashine ile ilikuwa wapi, nani aliitoa, na kesho asubuhi, kabla haijawashwa, nani atairudisha?